Jembe la Siku ya Tatu

Mwanadamu hachagui tumbo la kumzaa, wala hachagui udongo atakaoukanyaga kwanza. Hili ni neno ambalo kila mtu hulikubali kwa ulimi, lakini wachache hulifuata hadi mwisho wake. Maana tukilifuata, hatuna budi kuuliza: sifa tunazompa mtu aliyefanikiwa ni zake kwa kiasi gani, na ni za waliomtangulia kwa kiasi gani? Na nchi inapomnyoshea kidole mtu mashuhuri na kusema "huyu ni mwana wetu", yasema hivyo kwa haki ipi?

Tutalitazama swali hili kwa kupitia mpira wa miguu. Asije msomaji akadhani kwamba mchezo ni jambo jepesi lisilostahili fikra. Uwanjani mambo ya nasaba, bahati na juhudi huonekana waziwazi, kwa kuwa kila kitu hufanyika mbele ya macho ya watu, na matokeo huandikwa kabla jua halijatua.

Tuanze mbali, katika kisiwa, kwa kuwa mtu wa visiwani hawezi kukidharau kisiwa cha mwenziwe. Iceland imo katika bahari ya kaskazini, na watu wake hawafikii laki nne, wachache kuliko watu wa Unguja peke yake. Huko watu walio wengi hawana jina la ukoo. Mtu huitwa kwa jina lake na kwa jina la babaye, kama sisi tunavyosema "bin" na "binti". Familia ya Guðjohnsen ni miongoni mwa zile chache zenye jina linaloshuka kutoka kizazi hadi kizazi, na pamoja na jina hilo umeshuka mpira.

Tarehe 24 Aprili 1996, mjini Tallinn, timu ya taifa ya Iceland ilicheza na Estonia. Katika kipindi cha pili, Arnór Guðjohnsen, mtu wa miaka 34, alitoka uwanjani, na aliyeingia badala yake alikuwa kijana wa miaka 17, Eiður Smári, mwanawe wa kumzaa. Baba na mwana walipishana penye mstari wa chokaa. Ni nadra mno kuona urithi ukikabidhiwa namna ile, mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi. Eiður baadaye alichezea Chelsea, akatwaa nayo ubingwa wa Uingereza mwaka 2005 na 2006, kisha akaenda Barcelona. Wanawe watatu nao, Sveinn Aron, Andri Lucas na Daníel Tristan, wamekuwa wachezaji wa kulipwa na wote wamevaa jezi ya taifa lao. Wahenga wetu wangesema: maji hufuata mkondo.

Lakini hata katika kisa hiki chema pana funzo la pili. Siku ile Tallinn wale wawili hawakucheza pamoja. Mmoja alitoka na mwingine akaingia. Ilitarajiwa kwamba wangecheza bega kwa bega katika mchezo uliofuata, nyumbani kwao. Kabla ya siku hiyo kufika, kijana alivunjika kifundo cha mguu katika mchezo wa vijana, akakaa muda mrefu bila kucheza. Alipopona, wakati wa babaye ulikuwa umekwisha kupita. Baba na mwana hawakuwahi kucheza pamoja katika timu ya taifa. Riziki kama ajali, huitambui ijapo, na wala haina mkataba na nasaba ya mtu.

Kisa cha Guðjohnsen chaweza kumpotosha mtu, akadhani kwamba Iceland ni nchi ya ukoo mmoja wenye damu ya mpira. La hasha. Mwaka 2016 nchi hiyo ilipoifunga Uingereza mabao 2 kwa 1 mjini Nice na kuingia robo fainali ya mashindano ya Ulaya, na mwaka 2018 ilipofika Kombe la Dunia nchini Urusi, nchi ndogo kuliko zote zilizokuwa zimewahi kufika huko kwa hesabu ya watu, wengi wa wachezaji wake walikuwa watoto wa watu wasiojulikana. Kilichowafikisha ni hiki: katika nchi ambayo majira ya baridi ni marefu na ardhi hufunikwa na theluji, watu walijenga kumbi kubwa zenye viwanja vya mpira ndani yake, wakafundisha walimu wengi wa mchezo huo, wakawapeleka kwa watoto wadogo katika miji midogo. Kile ambacho mtoto wa Guðjohnsen alikipata mezani kwao, mtoto wa mvuvi alikipata katika ukumbi wa mji. Urithi wa nyumba moja uligeuzwa kuwa mali ya jamii. Tulishike neno hili, maana tutalirudia.

Sasa na tuje nyumbani, hadi nyanda za juu za Kigoma, Kibondo na Kasulu, nchi ya Waha. Msomaji wa pwani aijue nchi hii: ni nchi ya udongo mwekundu, migomba na maharage, yenye misitu ya miombo na maji yanayoshukia Malagarasi. Upande wa magharibi umo mpaka wa Burundi, lakini mpaka huo uliwekwa na wageni. Lugha ya Waha na lugha ya Warundi ni ndugu wa karibu, na mtu wa Muhambwe au wa Heru humwelewa mtu wa ng'ambo pasipo mkalimani.

Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na nchi ile ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu kwa maelfu walivuka mpaka kwa miguu. Wakawekwa katika kambi: Kanembwa, Mtendeli, Nduta na nyinginezo wilayani Kibondo kama ilivyokuwa wakati huo, Mtabila na Muyovosi wilayani Kasulu. Nyarugusu, nayo ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Kambi ni mji usiokuwa mji. Ina mitaa, ina nambari za nyumba, ina shule na zahanati, ina maelfu ya watoto wanaopiga chandimu jioni. Lakini hakuna anayeruhusiwa kuiita kwao.

Katika kambi mkoani Kigoma, tarehe 9 Februari 2006, alizaliwa mtoto wa wazazi Warundi, akaitwa Nestory Irankunda. Warundi, kama watu wa Iceland walio wengi, hawana desturi ya jina moja la ukoo. Kila mtoto aweza kupewa jina lake, na aghalabu jina hilo ni sentensi nzima, dua au ushahidi. Irankunda maana yake ni "ananipenda", na anayependa ni Imana, yaani Mungu. Tuyapime maneno hayo. Watu waliopoteza nyumba na shamba, wanaoishi kwa mgao wa chakula, walimwita mwana wao kwa jina linalosema kwamba yeye anapendwa. Mwaka uleule wa 2006, Daníel Tristan alizaliwa katika nyumba ya Guðjohnsen, ambamo babu na baba walikuwa wamekwisha kumtengenezea njia. Huku Kigoma urithi ulikuwa neno moja.

Wala tusilidharau neno. Sisi wa pwani tunajua kwamba Mwana Kupona, mkewe Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa yapata mwaka 1858, alimwachia bintiye utendi, na utendi ule umeishi kuliko dhahabu yoyote ya Pate. Mzazi asiye na kitu bado anacho cha kutoa.

Irankunda hakuwahi kuijua kambi kwa kumbukumbu. Angali mtoto mchanga, familia yake ilipata nafasi ya kuhamia Australia, ikafikia Perth kisha ikahamia Adelaide. Huko alikua, akajiunga na Adelaide United, na Januari 2022, akiwa na miaka 15, alianza kuichezea timu ya wakubwa. Mwaka 2024 alikwenda Bayern Munich ya Ujerumani, ambako alicheza katika kikosi cha pili. Mwaka 2025 aliazimwa Grasshoppers ya Uswisi, kisha akahamia Watford ya Uingereza. Juni 2024 aliivaa kwa mara ya kwanza jezi ya timu ya taifa ya Australia, na mwezi huohuo akaifungia bao katika mchezo na Palestina. Si yeye peke yake. Awer Mabil, mwana wa wazazi kutoka Sudan Kusini, alizaliwa mwaka 1995 katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, akafika Adelaide mwaka 2006, akapitia klabu hiyohiyo. Yeye alikuwa mmoja wa waliofunga mikwaju ya penalti iliyoitoa Peru mwezi Juni 2022 na kuipeleka Australia kwenye Kombe la Dunia.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa na miiba. Tunaposikia habari za vijana hawa, mioyo yetu hukimbilia moja ya kauli mbili. Ya kwanza yasema: "Mmeona? Kipaji hakizuiliki. Kizuri chajiuza." Ya pili yasema: "Huyu ni wetu, amezaliwa kwetu." Kauli zote mbili zina utamu, na zote mbili zahitaji kupimwa.

Tuipime ya kwanza. Kizuri hujiuza pale palipo na soko. Mkimbizi katika kambi zetu, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na taratibu zilizoifuata, haruhusiwi kutoka kwenda mbali pasipo kibali. Umbali uliozoeleka kutajwa ni kilomita 4. Kijana mwenye miguu ya ajabu aweza kuwashinda wenziwe wote wa Nduta, na sifa yake isifike hata Kasulu mjini. Irankunda hakutoka kwa sababu ya kipaji chake. Alitoka akiwa amebebwa, kabla hajajua kutembea, wala hapakuwa na mtu aliyejua kwamba miguu ile ingekuja kuwa ya thamani. Kwa hiyo kutoka kwake hakuthibitishi kwamba kipaji hakizuiliki. Kinachothibitishwa ni kinyume chake: ili kipaji kionekane, kwanza mtu ahitaji kufunguliwa mlango. Waliobaki kambini hawakushindwa mashindano yoyote. Hawakuitwa.

Hivyo yatupasa kutenganisha mambo matatu ambayo katika kusifu huwa tunayachanganya: kipaji, juhudi na nafasi. Kipaji mtu hupewa. Hakukinunua, na kwa hicho yafaa ashukuru. Juhudi ni yake mwenyewe. Alfajiri alizoamka na maumivu aliyoyavumilia hakuna wa kumnyang'anya, na hapo ndipo sifa inapostahili. Nafasi ni kitu kinachotolewa na watu wengine: mzazi, mwalimu, mji, sheria. Nafasi haistahili kusifiwa kwa yule aliyeipata. Huleta deni, na deni hilo si lake peke yake. Ni deni letu sote kwa wale ambao hawakuipata, iwapo tulikuwa na uwezo wa kuwapa.

Tuje kwenye kauli ya pili: "Ni wetu." Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitaja methali hii katika maandishi yake juu ya Ujamaa mwaka 1962, akikusudia kusema kwamba katika jamii zetu za asili kila mtu alifanya kazi. Watu wengi huisikia methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina uso wa pili ambao ni mzuri zaidi. Anayepewa jembe amepewa na shamba. Amekubaliwa kuwa mikono yake yafaa, kuwa jasho lake litachanganyika na jasho la wenyeji, na kuwa siku ya mavuno atakuwa na fungu lake. Jembe ndilo humtoa mtu katika ugeni.

Tanzania imewahi kuifuata methali hii kwa ukamilifu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa ardhi wakalima, wakajilisha wenyewe, wakalipa kodi, wakajenga. Mwaka 1983 Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa walioheshimu wakimbizi. Na mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati yao na vizazi vyao walipewa uraia. Ni nchi chache duniani zinazoweza kujivunia tendo kama hilo, na sisi twaweza, kwa haki.

Waliokuja baada ya 1993 hawakupewa jembe. Walipewa hema, mgao na mpaka wa kutembea. Watoto waliozaliwa Kibondo na Kasulu waliandikwa kuwa wageni katika ardhi pekee waliyoijua. Masoko ambayo mwanakijiji na mkimbizi walikutana kuuziana maharage na sabuni yalikuja kufungwa mwishoni mwa muongo wa 2010. Kambi ya Mtabila ilifungwa Desemba 2012 na watu wake wakarudishwa Burundi. Machafuko yalipozuka huko mwaka 2015, baadhi yao walivuka tena mpaka uleule, wakiwa wakimbizi kwa mara ya pili kabla ya ndevu kuota. Wengine wengi wamerejeshwa tangu mwaka 2017, na mtu wa haki hawezi kukataa kurejea kwa hiari ya mtu mwenyewe. Lakini hiari isiyo na mbadala ni neno tu.

Atasema mtu: ni rahisi kwa wa visiwani kuhubiri. Aliyekata kuni umbali mrefu zaidi kwa sababu msitu umekwisha ni mwanamke wa Kasulu. Aliyegawana kisima ni mtu wa Kibondo. Hakuna kwenye bahari aliyeombwa kutoa hata pakacha moja. Hoja hii ni ya kweli na lazima ijibiwe kwa adabu. Waha walipokea watu wengi kuliko walivyopokea mataifa tajiri yenye kusema sana. Tena mtoto wa kijiji cha Kasulu, mwenye uraia kamili na cheti cha kuzaliwa, naye hana kiwanja chenye nyasi wala mwalimu wa mpira. Naye yu mbali na ule ukumbi wa Iceland kama alivyo jirani yake wa kambini. Kwa hiyo lawama haimwendei mwenyeji wa nyanda za juu. Inatuendea sisi sote tuliofurahi kwamba mzigo umewekwa mbali na macho yetu, na mataifa makubwa ambayo huchagua familia chache za kuzichukua kila mwaka, kisha yakajisifu kwa wachache wale.

Wala si kweli kwamba sisi wa pwani hatuhusiki. Nani katika visiwa hivi awezaye kusema kwamba babu zake wote walichipuka katika udongo huu kama minazi? Tuna waliotoka Hadhramaut na Barawa, waliotoka Ngazija na bara, waliokuja kwa biashara na walioletwa kwa pingu. Vizazi viwili au vitatu baadaye walikuwa wakitunga mashairi kwa Kiswahili na kugombana juu ya vina. Ustaarabu wa pwani ni kazi ya wageni waliopewa jembe, na wengine walilichukua wenyewe bila kupewa. Tukisahau hilo tumejisahau.

Basi Irankunda ni wetu au si wetu? Naona jibu la haki ni hili: nchi hujivunia kwa haki kile tu ilichokitoa. Sisi tulimpa mamaye mahali pa kujifungulia pasipo risasi, na hilo si dogo. Mwenye kulidharau hajui vita. Kwa hilo twaweza kusema, kwa sauti ya chini, kwamba tuna fungu katika uhai wake. Lakini mpira wake si wetu. Mpira wake ni wa wazazi wake waliothubutu, wa mji uliompa uwanja na mwalimu, na wa juhudi yake. Kumdai leo kwa kuwa amekuwa mashuhuri, ilhali tulimwandika mgeni alipokuwa mchanga, ni kutaka mavuno ya shamba ambalo tulikataa kulitolea jembe.

Na kama twataka kweli kuwa na haki ya kusema "mwana wetu", njia iko wazi, nayo haipiti Watford. Yapita katika kiwanja cha vumbi huko Kasulu, jioni, ambapo watoto wa kijiji na watoto wa kambi, wenye lugha moja kasoro kidogo, wangeweza kucheza pamoja lau wangeachiwa. Miongoni mwao huenda wamo wenye miguu kama ya Irankunda, na hakika wamo wengi zaidi wasio na kipaji hicho. Hao wa pili ndio kipimo chetu. Maana mtoto hapaswi kwanza kuwa hodari ndipo astahili kuwa na kwao. Mwenye kipaji aweza siku moja kupata pa kwenda. Asiye nacho hana ila jembe tutakalompa, na siku ya tatu imepita zamani.